Hita Nyuma ya Jiwe Jeusi

Jumanne, 3 Juni

Dada yangu ameniita nije nimsaidie kumbeba mumewe, na hakukosea mtu. Katika ukoo wetu hakuna mwenye mikono kama yangu. Enzi zangu za kuendesha lori niliwahi kuinua injini kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono wa pili ulikuwa na kikombe cha chai. Chai haikumwagika.

Shemeji alipigwa na kiharusi miezi miwili iliyopita. Upande wake wa kulia umelala na maneno yamemkimbia. Dada anasema anaelewa kila kitu, ila kukitoa mdomoni ndiyo kazi. Kutwa nzima anakaa kwenye kiti chake cha magurudumu mbele ya tangi lake la samaki. Tangi lenyewe ni la kioo, refu kuliko kitanda nilichopewa, limekalia meza ya chuma kuanzia dirishani hadi mlango wa jikoni. Mna samaki bapa wenye milia na mapezi marefu kama mapazia, mna wadogo wekundu wanaotembea kundi kundi, na kambare mmoja mvivu anayelamba kioo. Shemeji aliwafuga miaka mingi kabla ya kuumwa. Mama wa mazoezi, anayekuja kila wiki kumnyoosha viungo, amesema hakuna kitu kingine ambacho macho yake yanakifuata sawasawa kushoto na kulia. Kwa hiyo katika nyumba hii samaki ni dawa.

Ninaandika kwa sababu nimezoea kuongea, na humu ndani dada hana nafasi, mpwa wangu hana imani, na shemeji hana jibu. Nilisoma hadi darasa la saba. La nane sikulihitaji.

Ijumaa, 6 Juni

Baridi imeingia. Shati nililoanika asubuhi nimelianua jioni likiwa limelowa zaidi.

Jumapili, 8 Juni

Asubuhi tumekuta samaki mmoja mwekundu anaelea ubavu. Mpwa wangu, binti wa dada, anayefanya kazi ya kupokea wagonjwa kwa daktari wa meno na kwa hiyo hababaishwi na kelele za mtu yeyote, akatia kidole majini akakitoa haraka.

"Maji yamepoa. Hita imekufa."

Hita ni mrija wa kioo wenye waya ndani. Unazamishwa majini, unapasha, na maji yakifika joto ulilolipanga unajizima wenyewe. Hii ya shemeji ilikuwa ya zamani, taa yake nyekundu haikuwaka tena hata nilipoigonga.

"Niachieni mimi," nikasema.

"Mjomba, unajua lolote kuhusu hita?"

"Mwanangu, mimi nimewahi kupasha moto bwawa."

"Bwawa gani?"

"Kubwa."

Akanitazama kama anayetafuta jino bovu. Dada akasema, "Mwache mjomba wako, angalau ana muda." Nikalichukua hilo kuwa sifa.

Jumatatu, 9 Juni

Nimekwenda kwa muuza samaki. Ni bwana mwembamba, mikono ya shati imelowa, duka lake limejaa matangi hadi darini na lina joto la kupendeza, ningeweza kuhamia. Nikamwonyesha urefu wa tangi letu kwa kutembea hatua dukani, nikagonga ukuta kabla sijamaliza.

"Kwa tangi refu hivyo chukua hita mbili ndogo, mzee," akasema. "Moja huku, moja kule. Moja ikigoma, ya pili inashikilia. Na kama moja itakwama ikakataa kuzima, haina nguvu ya kukupikia samaki wote."

Kwanza, mzee ni nani. Pili, nimeendesha magari miaka ishirini na sijaona gari lenye injini mbili. Nikamwambia anipe moja, ile kubwa kuliko zote, nene kama tochi ya mlinzi.

"Sawa, pesa ni yako. Ila usiifiche. Iweke maji yanapopita."

Nikamwambia mimi na maji tunafahamiana.

Nyumbani nikaitazama ile hita ndani ya tangi, nikaona inachukiza. Bomba jeusi limesimama katikati ya majani mazuri kama mgeni asiyeaga. Shemeji ni mtu wa kupenda vitu vipendeze, hata ukiangalia alivyopanga mawe humo. Nikaamua nisimharibie macho. Kona ya kulia, upande wa jikoni, pana jiwe kubwa jeusi lililoegemea kioo. Nikaichomeka nyuma yake, haionekani hata kidogo. Kipimajoto nikakibandika papo hapo kandokando yake, ili kiwe karibu na habari. Baada ya muda kikasoma nyuzi ishirini na sita, kama ilivyotakiwa. Nikamwita mpwa wangu aone.

"Inasoma vizuri," alikubali. Nilimwona inavyomuuma kusema hivyo.

Alhamisi, 12 Juni

Jambo la ajabu limetokea na ninaliandika bila kuongeza chumvi.

Kiti changu kiko upande wa kulia wa tangi, karibu na jikoni, kwa sababu ya chai. Shemeji anakaa kushoto, dirishani, kwa sababu ya jua. Jana nilikuwa ninamsimulia siku ile lori liliponiishia breki kwenye mteremko, nikalisimamisha kwa kulikemea. Nikiwa katikati, samaki wote bapa wakaja upande wangu. Wakajipanga juu ya lile jiwe jeusi, nyuso zote kwangu. Leo nimerudia, ile ya injini na kikombe cha chai. Wamekuja tena, na wale wekundu nao.

Nimemwambia dada kwamba samaki wananisikiliza. Akasema, "Wamekosa pa kwenda." Lakini wana tangi zima.

Shemeji naye ni msikilizaji bora niliyewahi kumpata. Zamani, alipokuwa mzima, nilikuwa siwezi kufika mwisho wa hadithi mbele yake. Nikisema lori lilibeba tani mia, yeye anauliza matairi mangapi. Sasa namalizia zote.

Jumamosi, 14 Juni

Ukungu. Samaki kwangu kutwa nzima. Kambare peke yake ndiye amebaki upande wa dirisha, na huyo ni kiziwi.

Jumanne, 17 Juni

Shemeji ameacha uji nusu bakuli mara tatu mfululizo. Mama wa mazoezi amekuja, akanyanyua kidole mbele ya uso wake akakipeleka kushoto na kulia, macho ya shemeji yakakifuata kidogo yakachoka. Wiki iliyopita alikuwa anafanya vizuri zaidi.

"Samaki wake wako wapi?" akauliza.

"Wako kwangu," nikasema.

Hakucheka. Akasogeza kiti cha shemeji kuja upande wangu, lakini upande huu jiwe linafunika, na kutoka kiti chake, kilicho chini kuliko changu, unaona mikia tu. Shemeji akapiga mkono wa kiti kwa mkono wake mzima hadi tukamrudisha dirishani. Kila asubuhi akifikishwa pale anaweka kiganja kwenye kioo na kukiacha kwa muda mrefu. Nimemwambia dada kwamba anawasalimia.

Mpwa wangu amegundua kwamba samaki bapa wawili wana vidoa vyeupe kwenye mapezi, kama wamenyunyiziwa chumvi.

"Mjomba, hii ni dalili ya baridi."

"Kipimajoto kinasema ishirini na sita. Kibishie chenyewe."

Akakitazama, akaenda zake. Kubishana na kipimajoto hata kwa daktari wa meno hakufundishwi.

Alhamisi, 19 Juni

Mvua ya manyunyu. Chai vikombe visivyohesabika.

Jumamosi, 21 Juni

Samaki bapa mmoja amekufa, yule mkubwa. Nilimtoa kwa kikombe na kukificha nyuma ya mgongo nikipita mbele ya shemeji. Nilikuwa natembea kwa maringo ili asishuku. Aliona. Alikitazama kikombe hadi nilipoingia jikoni, halafu akageuza uso kwenye pazia na hakugeuka tena hadi chakula, na chakula chenyewe hakukila.

Dada alikaa kwenye kigoda cha jikoni akiwa bado na kitambaa cha vyombo mkononi. Nilikuwa sijagundua amekonda. Nilipofika hapa nilimwona ni dada yangu wa siku zote, anayepita na ndoo. Leo nimeona mifupa ya mabega.

"Kaka, nimempigia muuza samaki," akasema. "Jumamosi ijayo anakuja kuwachukua wote. Na tangi."

"Dada, hao ndio dawa yake."

"Walikuwa dawa walipokuwa wanaogelea. Unataka akae hapo awatazame wanakufa mmoja mmoja? Yeye mwenyewe hana neno la kusema hata kama anaumia. Bora atazame ukuta mtupu kuliko hayo."

Nilitafuta hadithi ya kumpa, sikuipata ya kipimo chake. Nikaosha kikombe.

Jumatatu, 23 Juni

Shemeji hajala tena. Nimemsimulia breki. Hata mimi niliichoka katikati.

Alhamisi, 26 Juni

Leo ni siku ndefu, nitaiandika kama ilivyokwenda.

Baada ya chakula cha mchana dada alikuwa anafua nyuma, mpwa wangu kazini. Mimi nilikuwa kitini kwangu, samaki juu ya jiwe lao, wengine wamelala ubavu kidogo. Shemeji akaanza kupiga mkono wa kiti. Nikadhani anataka kwenda msalani. Nikamsogelea. Akanishika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mzima, na nguvu aliyonayo huyu mtu ningeiita kubwa hata kwangu, akakivuta kiganja changu akakibandika kwenye kioo cha upande wa dirisha.

Baridi. Kama kushika chupa iliyotoka kwenye friji.

Nikataka kuuondoa mkono, akaukaza. Akanitazama. Halafu akaelekeza kidevu kulia. Nikakisukuma kiti chake kwa mkono mmoja huku wa pili ukiwa kwenye kioo, tukatembea hivyo, mimi nikiburuta kiganja kama mtu anayefuta vumbi. Katikati, baridi bado. Tukafika kwenye jiwe jeusi. Hapo kioo kilikuwa na joto kama bakuli la uji. Nikarudi nyuma hatua moja, baridi. Hatua moja mbele, joto.

Nikakirudia kioo chote kwa kiganja, kwenda na kurudi.

Nikaelewa hivi. Hita nimeificha kwenye kona isiyopitiwa na maji. Inajipashia kijisehemu chake nyuma ya jiwe, inaona kazi imekwisha, inajizima. Kipimajoto nimekiweka jirani yake, kwa hiyo kinasoma kile kile kijisehemu. Tangi lote lililobaki ni baridi tupu. Na samaki hawakuja kusikiliza hadithi ya breki wala ya injini. Walikuja kuota moto. Nilimhamishia mtu samaki wake wote kwenye kona asiyoweza kuwaona, nikaketi pale nikijisifu kwamba wananipenda.

Na shemeji alijua. Kila asubuhi alikuwa anapima kwa kiganja, akiambiwa anawasalimia.

"Shemeji," nikasema, "ulikuwa unaniambia."

Akafumba macho akafumbua. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

Sasa mtu mwenye akili angekaa chini afikiri. Mimi nikakunja shati nikatia mkono nyuma ya jiwe ili niihamishe hita papo hapo. Nilimsikia shemeji anagonga kiti, mara nyingi, na nilipogeuka nilimwona ananyoosha kidole ukutani kwenye soketi. Nilidhani ananihimiza. Nikaichomoa hita majini ikiwa bado inawaka, nikailaza juu ya kitambaa kilicholowa pale mezani. Ikafanya sauti ndogo, tak, kama mtu anavunja kijiti. Kioo cha hita kikapasuka kutoka juu hadi chini. Ndipo nikakumbuka kuchomoa plagi. Ashukuriwe aliyeniacha hai niandike.

Dada akaingia na povu mikononi.

"Kaka, umefanya nini?"

"Nimeihamisha hita."

"Imehamia wapi?"

Ilikuwa pale mezani, vipande viwili. Akaitazama, akanitazama mimi, akamtazama mumewe ambaye alikuwa ameinamisha kichwa. Akarudi kufua. Ingekuwa nafuu angenitukana.

Ijumaa, 27 Juni

Nimekwenda kwa muuza samaki, nimekuta amefunga, kafuata mzigo mpya. Nimempigia simu.

"Kesho si unakuja na ndoo?" nikamwambia. "Njoo pia na hita mbili ndogo."

"Mzee, mnauza au mnanunua?"

"Nitakujibu ukifika."

Mpwa wangu ameomba ruhusa kazini nusu siku. Nilimweleza yote, hata la kusikilizwa na samaki. Nilingoja anicheke. Akavua viatu, akasema, "Lete chupa." Tumejaza chupa za plastiki maji ya moto, tumezifunga vizuri, tumeziacha zielee juu ya maji kwenye pande zote mbili, zikipoa tunabadilisha. Tangi tumelivika blanketi langu na la kwake, tumeacha uwazi mmoja tu kama dirisha mbele ya shemeji ili aone ndani. Ametutazama kutwa nzima tukipishana na birika. Nimeungua kidole gumba. Binti huyu niliyemwita jeuri anafanya kazi bila kuhesabu, na kimya kimya, kama baba yake alivyokuwa akifanya.

Jioni shemeji alikula uji hadi chini ya bakuli. Dada aliona, akalichukua bakuli kuliosha.

Jumamosi, 28 Juni

Muuza samaki amefika asubuhi na ndoo nne, mifuko, na boksi mbili mfukoni mwa koti.

Kabla hajavua koti nilimwita dada pembeni. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri tangu naamka, mengine nilikuwa nimeyapima mbele ya kioo. Yote yaliniishia. Nikamwambia, "Hawakuwa wagonjwa. Mimi ndiye niliyewapa baridi. Niliificha hita nyuma ya jiwe kwa sababu niliona ni mbaya, na nilikuwa nimeambiwa nisifiche. Nipe leo tu."

Akaniangalia kama anayengoja sehemu ya pili, ile ya mimi kushinda. Haikuwepo.

"Samaki si wangu, kaka," akasema hatimaye. "Muulize mwenyewe."

Nikamsogeza shemeji katikati ya tangi, ambako anaona pande zote. Nikamwonyesha ndoo kwa mkono mmoja na boksi za hita kwa mkono wa pili. Akazitazama ndoo kidogo sana. Akanyoosha kidole kwenye boksi.

"Haya, fundi," nikamwambia, "leo mimi ni mikono tu."

Nikavua shati kabisa. Safari hii plagi zilikuwa juu ya meza, mbali na soketi, mpwa wangu akizilinda kama pochi. Nikaichukua hita ya kwanza, nikaisimamisha majini kona ya kushoto. Kichwa cha shemeji kikasema hapana. Nikaisogeza chini ya bomba la pampu, pale maji yaliyochujwa yanapotokea. Akaitika kwa kichwa. Muuza samaki naye akaitika, lakini sikumwangalia huyo. Nikaigandisha wima. Hapana. Nikailaza kidogo, kama mtu anayeegemea ukuta. Akafikiri. Hapana. Maji yalikuwa yamenifika kwapani, baridi inaingia hadi kwenye meno, na ile mipira ya kugandishia inateleza kwenye kioo. Nikailaza zaidi.

"Chini."

Nikaishusha, karibu na changarawe lakini isiiguse. "Hapa?" nikauliza, uso wangu ukiwa umebanwa kwenye kioo.

Nikageuka ili nimwone muuza samaki, maana nilidhani ni yeye. Alikuwa amesimama na ndoo mkononi, mdomo wazi. Mpwa wangu amekaa sakafuni na plagi zake, machozi yanashuka bila sauti. Ndipo nikamtazama shemeji.

Dada alitoka jikoni na kisu cha kumenyea mkononi. "Nani amesema?" Halafu akapiga magoti mbele ya kiti. "Baba watoto, sema tena. Sema chochote."

Shemeji hakusema tena. Alimpapasa bega, akamsogeza kidogo ili asimzibe, akaninyooshea kidole mimi na hita ya pili. Kazi ilikuwa haijaisha.

Ya pili tumeiweka mwisho wa kulia, mbali na lile jiwe, ubavu wa nyuma ambako maji yanageukia kurudi. Ililazwa chini vilevile. Jiwe lenyewe tumelisogeza liache nafasi. Kipimajoto tumekibandika katikati, mbali na hita zote mbili, kwa sababu, kama nilivyoelewa sasa, ukitaka kujua kama chakula kimewafikia watu unamuuliza aliyekaa mbali na sufuria. Tumengoja hita zizoee maji, ndipo mpwa wangu akachomeka. Taa mbili nyekundu. Zinaonekana kabisa, mabomba mawili meusi, mabaya. Shemeji alizitazama kama mtu anayetazama maua.

Muuza samaki ametuachia dawa ya vidoa, akasema tupandishe joto polepole, kidogo kila siku, tusiwashtue. Ameondoka na ndoo tupu. Mlangoni aliniambia, "Mzee, mbona hukuniambia kwamba mwenye tangi anajua kuliko mimi?" Nikamwambia kwamba hata mimi nilikuwa sijaambiwa.

Jumanne, 1 Julai

Nyuzi ishirini na tatu katikati ya tangi. Baridi ya nje imezidi.

Ijumaa, 4 Julai

Mmoja zaidi amekufa, mwekundu. Safari hii sikumficha. Nilimwonyesha shemeji kwenye kiganja, akamtazama, akaitika, nikamzika kwenye chungu cha maua. Neno jipya: "bado." Alilisema nilipotaka kupandisha joto kwa mkupuo.

Jumatano, 9 Julai

Ishirini na sita, kushoto na kulia na katikati. Nimepima kwa kiganja changu na chake. Vidoa vimepungua.

Jumamosi, 12 Julai

Jirani wa ghorofa ya juu alishuka kuomba nyundo, akaona tangi, akauliza imekuwaje. Nikakaa vizuri. Nikaanza na jinsi nilivyoingia majini hadi kiunoni. Shemeji akainua kidole kimoja.

"Kwapa," akasema.

Jirani hakuelewa. Mpwa wangu alicheka hadi akatoka sebuleni. Nikarekebisha: hadi kwapani, mkono mmoja. Nikaendelea kusimulia huku nikimtazama shemeji usoni kila baada ya sentensi, kama dereva anayetazama kioo cha pembeni. Hadithi ilitoka fupi. Jirani aliipenda.

Alhamisi, 17 Julai

Nilikuwa niondoke leo. Dada ameficha begi langu, anasema hajui liko wapi. Shemeji anasimama sasa akishikwa, na anayemshika ni mimi. Nimekubali kubaki hadi baridi iishe. Siku hizi kiti changu kiko dirishani, ubavuni kwake. Chai iko mbali, lakini samaki wanapita.

Jumanne, 22 Julai

Hakuna jipya. Samaki kila mahali.

Jumapili, 3 Agosti

Asubuhi jua limetoka lenye nguvu kidogo, la kwanza tangu Juni. Nilipomfikisha shemeji kwenye tangi, samaki bapa wawili walikuwa wamesimama kwenye hita ya kushoto, pua karibu na bomba, wakipepea mapezi, na mwingine yeyote akikaribia wanamfukuza. Nikadhani imeharibika, au wana baridi tena. Nikaangalia kipimajoto. Ishirini na sita. Nikainama. Juu ya lile bomba jeusi, kwa safu, palikuwa na vitu vidogo kama punje za mtama, vinang'aa, vimegandana vizuri kama shanga.

Nikamwita dada. Nikamwita mpwa wangu, akaja na mswaki mdomoni.

"Mayai," akasema. "Mjomba, wametaga kwenye hita yako."

Katika tangi zima, pamoja na majani na mawe mazuri aliyoyapanga shemeji, wamekwenda kutaga kwenye kile kibomba kibaya. Nikapata wazo hapo hapo. Hita ikiwaka si itayachemsha? Bora niyahamishe, niyakwangue taratibu kwa kijiko niyaweke penye usalama, na katika kuhamisha mayai mimi nina historia ndefu, niliwahi kusafirisha trei mia nne kwenye barabara ya mawe bila hata moja kupata ufa. Nilikuwa nimeshakunja shati hadi begani na vidole vimegusa maji.

"Usiguse," shemeji akasema.

Lilitoka zima, lenye mwanzo na mwisho, kwa sauti ile ile aliyokuwa akinikatizia hadithi miaka yote. Dada alishika mgongo wa kiti. Samaki wale wawili waliendelea kupepea.

Nikautoa mkono, nikaufuta kwa suruali, nikakaa kando yake, tukatazama.